CD Ikilia Vizuri Haimaanishi Imenakiliwa Sawasawa

Wengi wanaamini kwamba muziki wa CD ni wa kidijitali, kwa hiyo nakala ama inatoka kamili ama inakataa kabisa. Kwa CD ya data, hilo ni karibu kweli. Kwa CD ya muziki, hapana.

Tofauti iko ndani ya sekta, yaani vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa. Kila sekta ina baiti 2352, na sekunde moja ya muziki inachukua sekta 75. Kwenye CD ya data ni baiti 2048 tu zinazobeba faili lako. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni za kugundua na kurekebisha makosa. CD ya muziki, kwa kanuni zilizowekwa na Philips na Sony mwaka 1980, inazijaza zote 2352 kwa sauti. Kinga bado ipo kwenye tabaka la chini, lakini mkwaruzo ukiizidi nguvu draivu haisimami kulalamika. Inakisia: inatazama sampuli (kipimo kimoja kidogo cha sauti) iliyotangulia na inayofuata, inaziba pengo kwa thamani ya katikati, na safari inaendelea. Mara nyingi hutasikia chochote. Faili ulilopata, hata hivyo, si kile kilichoandikwa kwenye diski, na hakuna aliyekuambia.

Basi sikio si shahidi wa kutegemewa hapa. Programu kama Exact Audio Copy na cdparanoia zimetengenezwa kwa kutoiamini draivu: zinasoma sehemu ileile zaidi ya mara moja na kulinganisha. Hapo tena watu wanajidanganya, wakidhani matokeo ya kusoma mara mbili yakifanana kazi imekwisha. Draivu nyingi huhifadhi kwenye kumbukumbu yake kile zilichotoka kukisoma, na ukiomba tena zinakurudishia kilekile bila leza kugusa diski. Kosa linajithibitisha lenyewe! Kwa hiyo kabla ya kuanza, hakikisha programu inajua kama draivu yako ina tabia hiyo, ili iizunguke.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa wengine wenye diski kama yako. AccurateRip ni hifadhidata ya namba za uhakiki, yaani namba fupi zinazokokotolewa kutoka data ya kila wimbo: namba ya wimbo wako ikilingana na zilizopatikana kwa draivu nyingine, uwezekano wa wote kukosea kwa namna ileile ni mdogo mno. Na diski isipokuwemo? Watu hufuta kazi yao wakidhani imeharibika. Haijaharibika, haina tu wa kulinganishwa naye. Soma kila wimbo mara mbili, ulinganishe namba.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wanaoanza. Karibu kila draivu huanza kusoma mapema au kuchelewa kidogo, kwa idadi ya sampuli isiyobadilika kwa modeli hiyo. Kwa kuwa sekunde moja ina sampuli 44,100, kuchelewa kwa mamia machache hakusikiki kabisa. Lakini bila kurekebisha tofauti hiyo huwezi kupata nakala inayolingana na asili baiti kwa baiti. Programu nzuri huipata yenyewe ukiipa diski inayojulikana kwenye hifadhidata.

Kukokota vile vifaili vya .cda ambavyo Windows inavionyesha na kuvibandika kwenye flashi si kunakili nyimbo. Kila kimoja kina baiti 44 tu, na kinaelekeza tu mahali wimbo unapoanzia na urefu wake. Na ukichoma CD ya muziki, yaani ukiiandika kwenye diski tupu, kutoka kwenye MP3, usitarajie ubora wa CD: kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Hifadhi kwa FLAC, muundo wa faili unaobana sauti bila kutupa chochote.

Upande wa kuchoma una imani zake. Mtu anaona mafaili yake ya WAV (sauti isiyobanwa) yana jumla ya megabaiti 800, diski imeandikwa 700, anaondoa nyimbo mbili bure. Ile 700 ni kipimo cha data. Kwa muziki hesabu ni dakika 80, na kwa kuwa kila sekta inatumika yote, zinaingia zaidi ya megabaiti 800 za sauti.

Wengine hushikilia kwamba kasi ndogo kabisa ndiyo salama. Diski tupu za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na nyingi huchomeka vizuri zaidi kwa kasi ya wastani, tuseme 16x (mara 16 ya kasi ya kucheza muziki), kuliko kwa kutambaa. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni namna ya kuchoma. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, kwa kawaida unaongezewa ukimya wa sekunde mbili katikati, na albamu ya tamasha la moja kwa moja inakatwakatwa makofi. Chagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, na uiwekee pengo la sekunde sifuri, kisha isome tena na ulinganishe namba zake na za mafaili uliyoanza nayo.