Tani za shaba mara bei ya London siyo thamani ya kampuni

Bei ya shaba imepanda, na malalamiko ya wanahisa wa Kitanzania wanaoambiwa kampuni yao ndogo ya utafutaji inanunuliwa yamepanda nayo. Wengi huja na hesabu ileile: tani za shaba zilizo kwenye ripoti ya utafutaji mara bei ya soko la metali la London. Tunaomba hesabu hiyo iachwe. Inamkimbiza mnunuzi makini na kumwachia nafasi tapeli, ambaye atakubali bei yoyote kwa mdomo.

Tuseme ripoti inataja tani milioni 1, na tani moja ni dola 9,000. Hizo dola bilioni 9 ni za shaba ambayo haijachorongwa ikaeleweka vizuri, haijachimbwa, haijawa makinikia wala kuyeyushwa. Mnunuzi akitoa senti 3 za dola kwa kila ratili (karibu nusu kilo) iliyo ardhini, kampuni nzima ni takriban dola milioni 66. Senti hizo hupanda pale mashapo, yaani shaba iliyo ardhini, yanapokuwa yamepimwa kwa mashimo ya karibukaribu. Hushuka yakiwa yamekisiwa tu, mwamba ukiwa na arseniki nyingi, au umeme na maji vikiwa mbali.

Mradi ukishafanyiwa upembuzi yakinifu, hesabu bora ni ya mapato ya miaka ijayo yaliyopunguzwa hadi thamani ya leo. Hapo toa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, na kumbuka hisa zisizopungua asilimia 16 za Serikali ambazo hazilipiwi mtaji. Kisha ongeza fedha taslimu, toa madeni, na ugawanye kwa hisa zote, zikiwemo ambazo wakurugenzi na wakopeshaji wana haki ya kuzinunua baadaye. Hizi za mwisho husahauliwa mno.

Ujirani nao una bei yake. Julai 2024, kampuni za uchimbaji za BHP na Lundin Mining zilitangaza kuinunua Filo, kampuni ya utafutaji wa shaba, kwa dola 33 za Canada kwa hisa, jumla yake takriban dola bilioni 4.1 za Canada, ingawa Filo haikuwa imechimba hata tani moja ya kuuza. Lundin tayari ilimiliki mradi wa Josemaria ulio karibu, huko Argentina, kwa hiyo miundombinu ingeweza kujengwa kwa pamoja. Mnunuzi asiye na nafasi ya kutumia mradi jirani huenda asingelipa kiasi hicho.

Sasa suala la kuitaarifu Tume ya Ushindani juu ya muungano, ambao ni pamoja na kampuni moja kuinunua nyingine. Tunaambiwa kila mara kwamba kampuni isiyo na mauzo haihusiki na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Inahusika. Kiwango cha shilingi bilioni 3.5 kilichowekwa mwaka 2017 hupimwa kwa mauzo au mali za pande zote mbili zikijumlishwa, na bei mliyopatana siyo kigezo. Kiwango kikifikiwa, taarifa hutolewa kabla ya muungano kukamilika. Ndani ya siku 14 Tume ya Ushindani huweza kuamua kuuchunguza, na hapo muungano husimama kwa siku 90, zinazoweza kuongezwa 30. Anayekiuka hutozwa faini ya kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo yake ya mwaka.

Kwenye taarifa hiyo ambatisheni ripoti ya tathmini iliyosainiwa na mtaalamu, pamoja na orodha kamili ya wanahisa. Majedwali yasiyo na jina la aliyeyaandaa yanachelewesha shauri lenu wenyewe.