Huduma ya hisani kwa wagonjwa wa selimundu ni nini hasa

Kila inapokaribia tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, matangazo huongezeka hapa Mwanza makanisani, misikitini, vyuoni na kwenye makundi ya simu, yakieleza kwamba kikundi fulani kimetoa huduma kwa wagonjwa wa selimundu. Ukisoma tangazo hadi mwisho unakuta kwamba wanakikundi walikwenda wodi ya watoto na sabuni, juisi na maziwa ya unga, wakawaombea wagonjwa, wakapiga picha, wakaondoka. Tendo hilo ni jema na wazazi hulipokea kwa shukrani ya kweli, ila jina lake ni kutembelea wagonjwa. Huduma ya hisani ni jambo jingine, na kwa ugonjwa huu tofauti hiyo ina uzito.

Kwa kifupi, huduma ya hisani ni matunzo ya kitabibu na ya kijamii ambayo mgonjwa hupewa bila kulipa, au kwa kuchangia kidogo, huku gharama iliyobaki ikibebwa na taasisi ya dini, shirika au wachangiaji, tena kwa utaratibu unaoeleweka na usiokatika. Selimundu, ambayo wengi mtaani huiita sikoseli, ni ugonjwa wa damu ambao mtoto hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, kisha huvunjika mapema: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu.

Neno ninaloomba lizingatiwe katika maana hiyo ni "usiokatika". Mgonjwa wa selimundu haugui mara moja akapona, wala hali yake haisubiri mwezi wa Juni. Mtoto wa chini ya miaka mitano anapaswa kunywa penisilini asubuhi na jioni kila siku, kwa sababu bandama yake, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia bakteria, huharibika akiwa bado mchanga. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba dawa hiyo ya bei nafuu ilipunguza maambukizi makali ya damu yanayoletwa na bakteria wa pneumokoki kwa 84%. Kinga hiyo hudumu kadiri dawa inavyoendelea kunywewa. Kikundi kinachonunua penisilini ya mwezi mmoja kisha kikanyamaza kimempa mama ahueni ya mwezi mmoja, na mwezi unaofuata mtoto yuko palepale alipokuwa.

Haidroksiyurea inaonyesha tofauti hii kwa uwazi zaidi. Dawa hii hupunguza maumivu, hupunguza haja ya kuongezewa damu, na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, ulithibitisha kwamba inawafaa na ni salama kwa watoto wa Afrika. Lakini kipimo chake hupangwa kwa uzito wa mtoto, na mtoto huongezeka uzito. Tena damu yake inapaswa kupimwa mara kwa mara ili kuhakikisha chembe nyeupe hazishuki kupita kiasi. Kwa hiyo anayefadhili kapsuli pekee, asifadhili kipimo cha maabara wala nauli ya kurudi kliniki, hajafadhili matibabu kamili. Mama anayevuka ziwa kutoka Nansio, Ukerewe, akiwa na mtoto mgongoni, anaweza kupewa dawa bure na bado akashindwa kuendelea kwa sababu ya nauli ya meli na pa kulala mjini. Kwake yeye nauli ni sehemu ya tiba, na wafadhili wengi huisahau kwa sababu haionekani vizuri kwenye picha.

Zipo huduma nyingine ambazo hazihitaji fedha nyingi, na hizi ndizo ninazozithamini kuliko zote. Muuguzi humlaza mtoto chali, akauchukua mkono wa mama, akauweka chini ya mbavu za kushoto na kumwonyesha jinsi ya kubonyeza taratibu kwa ncha za vidole mpaka aitambue bandama. Akishajua ukubwa wake wa kila siku, atagundua usiku ule itakapovimba ghafla kwa kunasa damu, na atakimbia hospitali bila kungoja kupambazuke. Vivyo hivyo, mzazi aliyefundishwa kusoma daftari la kliniki anajua kiwango cha kawaida cha damu ya mwanawe, ambacho kwa wagonjwa wengi huwa kati ya gramu 6 na 9 za himoglobini kwa desilita, na atamweleza daktari mgeni ili mtoto asiongezewe damu bila sababu. Ni nusu saa ya mafunzo, na matunda yake hudumu miaka.

Hapa kanda ya ziwa jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 akakuta wabebaji wa kinasaba cha selimundu, yaani waliokirithi kwa mzazi mmoja tu na wasio wagonjwa, ni wengi kando ya Ziwa Victoria na pwani, na wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji wa kinasaba kimoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba mgonjwa wa selimundu haugui malaria. Hilo ni hatari kuliamini, kwani kinga ni ya mbebaji. Mgonjwa mwenyewe malaria humwangusha upesi na humpunguzia damu. Chandarua kwa mtoto huyu, na dawa ya kumkinga na malaria, vinastahili kuhesabiwa ndani ya huduma.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayoendeshwa na Kanisa Katoliki kwa ubia na serikali, hupokea wagonjwa wa kanda nzima. Vikundi vyetu haviwezi kubeba mzigo wote huo, wala havitakiwi kuubeba. Vinaweza kuchagua kipande kimoja na kukishikilia: kulipia bima za watoto wachache mwaka baada ya mwaka, kugharimia nauli za kliniki, au kupanga zamu ya kuchangia damu salama kila baada ya miezi mitatu kwa wanaume na minne kwa wanawake. Kabla ya kununua chochote, mwulizeni muuguzi wa kliniki ni kitu gani huwaishia wagonjwa wake kabla ya tarehe ya kurudi. Na ziara ya wodini iendelee, kwa jina lake la ziara, huku neno huduma likisubiri hadi mtoto yuleyule apate dawa yake tena mwezi wa Julai, Agosti na Septemba.