Tukija na dodoso hatujaja kukupeleka Mirembe

Kila ikikaribia tarehe 10 Oktoba, siku ya afya ya akili duniani, malalamiko yanaongezeka ofisini, eti kuna watu wanapita mitaani wanauliza wenzao kama ni vichaa. Jamani. Mimi ni mwanasaikolojia, nafundisha na kufanya utafiti chuoni hapa Dar miaka mingi tu, hilo swali sijawahi kumuuliza mtu.

Tunachotumia mara nyingi ni dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, maswali 9, yote ya wiki mbili zilizopita: usingizi unakuja, chakula kinapita, hamu ya mambo ipo au imekata. Kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10 haimaanishi una sonona, inamaanisha daktari akuone, basi, ila mtu anapata 12 anatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba kapimwa kakutwa nayo, mwingine anasema tunataka kumpeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe iko Dodoma ndugu yangu, nauli nani atalipa?

Swali la mwisho ndo zito, linauliza kama umewaza bora ufe au ujidhuru. Hapo watu wanaangalia mlangoni kwanza, maana wanajua kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Kuwaza siyo kosa! Kuna mama Tandale alinijibu hayo mawazo ayapate saa ngapi na marejesho ya kikoba ni Ijumaa, akacheka, halafu akalia. Dodoso tukaliweka pembeni.

Sasa utaratibu, maana huu hamuusomi. Kibali cha maadili kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au kamati ya chuo, mtafiti wa kutoka nje ya nchi anaongeza cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, barua inashuka wilayani, kata, mpaka serikali ya mtaa, ndo tunakufikia na fomu ya ridhaa nakala mbili, moja yako, asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi, wa chini ya miaka 18 mzazi anaridhia na mtoto mwenyewe anaulizwa pia. Ukiishia hata swali la 5 hamna adhabu. Adhabu ipo kwa mtafiti akivujisha majibu yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina faini na kifungo. Hana barua? Mrudishe serikali ya mtaa, usimjibu kitu.

Na hizo hela za wazungu mnazosema tunazila, kiasi cha nauli utakachorudishiwa kimeandikwa kwenye fomu hiyohiyo uliyosaini bila kusoma.