Biafra na Kuwashawishi Walio Mbali: Diplomasia ya Umma Wakati wa Vita

Diplomasia ya umma ni juhudi za serikali, au za kundi linalojitangaza kuwa serikali, za kuzungumza moja kwa moja na wananchi wa nchi nyingine badala ya kuishia kwa mabalozi na mawaziri wao. Wakati wa vita lengo lake huwa bayana: wananchi hao waishinikize serikali yao itoe silaha, izuie silaha, ipeleke chakula au itambue taifa jipya. Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitenga tarehe 30 Mei 1967, ni mfano unaostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa unaonyesha uwezo wa diplomasia hiyo na pia mahali inapokwama.

Biafra ilikuwa imezingirwa nchi kavu na baharini, na haikuwa na balozi zinazotambulika. Ilichokuwa nacho ni wasomi waliotumwa ng'ambo kuitetea, akiwemo mwandishi Chinua Achebe, pamoja na kampuni ya uhusiano wa umma iitwayo Markpress, iliyokuwa na ofisi Geneva. Kutoka huko taarifa zilisambazwa kwa magazeti na wabunge wa Ulaya, na safari za waandishi wa habari ziliandaliwa. Mwandishi aliyekubali mwaliko aliingia usiku kwa ndege iliyozima taa, ikatua Uli, ambako kipande cha barabara kuu kilikuwa kimepanuliwa kuwa uwanja wa ndege, na taa za pembeni ziliwashwa kwa muda mfupi tu ili marubani wa Nigeria wasiuone. Kwa upande wa Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, waandishi wengi walilalamikia urasimu, na hapo serikali ya shirikisho ilijipunguzia yenyewe nafasi ya kusikilizwa.

Hoja zilichaguliwa kulingana na msikilizaji. Kwa Wakatoliki wa Ireland, ambako wamishonari wengi wa eneo hilo walitoka, vita vilielezwa kuwa ni vya Wakristo wanaoshambuliwa na Waislamu, ijapokuwa Jenerali Yakubu Gowon, kiongozi wa Nigeria, alikuwa Mkristo mwenyewe. Kwa Waafrika ilisisitizwa haki ya watu kujiamulia mambo yao, na kwa wote yalikumbushwa mauaji ya Waigbo, kabila kubwa la Biafra, ya mwaka 1966, ambayo yalitokea kweli. Propaganda yenye nguvu mara nyingi hujengwa juu ya jambo la kweli, kisha likapewa tafsiri moja tu.

Juni 1968 gazeti la The Sun la Uingereza lilichapisha picha za watoto wa Biafra waliodhoofishwa na njaa, na mwezi uliofuata jarida la Life la Marekani likawaweka kwenye jalada lake. Michango ikamiminika, na mashirika ya makanisa yakaendesha safari za usiku za kupeleka chakula kutoka kisiwa cha São Tomé.

Hata hivyo, tarehe zenyewe zinatuonya. Tanzania iliitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, ikafuatiwa mwezi Mei na Gabon, Ivory Coast na Zambia, yaani zote nne kabla ya picha hizo kuenea. Mwalimu Nyerere alijenga hoja yake juu ya usalama: dola iko kwa ajili ya watu wake, na watu waliokwisha kupoteza imani kwamba watalindwa hawawezi kulazimishwa kwa bunduki kubaki ndani yake. Baada ya picha, nchi moja tu zaidi, Haiti, iliitambua Biafra. Kwa maoni yangu, njaa iliifunika hoja ya kisiasa: mtazamaji wa Dublin au London alimwona mtoto wa kulishwa, na swali la nani ana haki ya kuunda taifa likasogezwa kando.

Lagos nayo ilijifunza. Mwaka 1968 iliwaalika waangalizi wa kimataifa, na mwezi Oktoba wakaripoti kwamba hawakuona ushahidi wa mauaji ya kimbari. Watetezi wa Biafra walijibu, na si bila msingi, kwamba waangalizi hao walitembelea upande wa majeshi ya shirikisho pekee. Lakini ripoti hiyo iliipa serikali ya Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, la kusema bungeni kila ilipobanwa kuhusu silaha ilizoiuzia Nigeria, na silaha hizo hazikusitishwa. Biafra pia ilijitia doa ilipokataa njia ya nchi kavu ya kupitishia chakula pamoja na ndege za mchana zilizokaguliwa na Lagos, kwa sababu giza lililozificha ndege za misaada liliificha pia shehena ya silaha.

Richard Nixon, akiwa mgombea urais wa Marekani, alitamka Septemba 1968 kwamba yanayotokea Biafra ni mauaji ya kimbari. Alipoingia madarakani aliteua, Februari 1969, mratibu maalumu wa misaada ya kibinadamu. Lakini Marekani haikuitambua Biafra, ambayo ilisalimu amri tarehe 15 Januari 1970.