Mwanafunzi akidai polisi watoke chuoni, ofisa husikia nini?

Katika mafunzo tunayowapa maofisa wa ulinzi hapa kwenye taasisi yetu, kuna video moja ambayo huwa naiweka bila sauti kwanza. Ni ya tarehe 18 Novemba 2011, Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis. Wanafunzi wameketi kwenye njia ya miguu, wamefungamana viwiko, vichwa wameviinamisha. Luteni wa polisi wa chuo hichohicho anawaruka kama mtu anayevuka mfereji, anainua kopo juu ili kila mtu alione, analitikisa, kisha anapita mbele yao taratibu akiwapulizia dawa ya pilipili usoni, kama anayepiga dawa ya wadudu kwenye mboga. Akifika mwisho anarudia.

Huwa nauliza darasa: huyu ana hasira? Wengi husema hapana, anaonekana mtulivu kabisa. Basi tunaanzia hapo.

Msomaji aliyezoea mlinzi wa getini anayekagua vitambulisho asimchanganye na huyu. Katika vyuo vingi vya Marekani polisi wa chuo ni askari kamili: amekula kiapo, anaweza kukukamata na kukupekua, na mara nyingi mamlaka yake hayakomei kwenye uzio. Chuo Kikuu cha Yale ndicho kilichotangulia, mwaka 1894, kilipowachukua askari wawili wa mji wa New Haven baada ya uhasama kati ya wanafunzi na wenyeji kupamba moto. Kwa miongo mingi baada ya hapo, kwenye vyuo vingi kazi ilikuwa ya kufunga milango na kuangalia moto usiwake. Kisha ikaja miaka ya vita vya Vietnam. Tarehe 4 Mei 1970 wanajeshi wa akiba wa Ohio waliwaua wanafunzi 4 katika chuo cha Kent State. Siku 11 baadaye polisi wakawaua vijana 2 katika chuo cha Jackson State, Mississippi. Majimbo mengi yakaona heri chuo kiwe na askari wake wanaowafahamu wanafunzi, kuliko kuita watu wa nje wenye bunduki za vita. Kwa maneno mengine, polisi wa chuo wa leo kwa sehemu kubwa ni mtoto wa maandamano. Maofisa wengi ninaokutana nao hawalijui hilo, na nikilisema darasa hunyamaza kidogo.

Sasa tumsikilize ofisa, maana upande wake haupewi nafasi mara nyingi.

Takwimu za serikali ya Marekani kwa vyuo vya miaka minne vyenye wanafunzi 2,500 au zaidi zinaonyesha kuwa mwaka wa masomo 2004/05 asilimia 68 vilikuwa na maofisa wenye silaha; 2011/12 ikawa asilimia 75. Katikati ya namba hizo mbili kuna asubuhi ya 16 Aprili 2007 katika chuo cha Virginia Tech, ambako mtu mmoja aliua watu 32. Alikuwa amefunga milango ya jengo la Norris kwa minyororo kutokea ndani. Ofisa akiona bango la "Polisi watoke chuoni", minyororo ile ndiyo inayomjia kichwani. Anamkumbuka pia Sean Collier, ofisa wa chuo cha MIT aliyepigwa risasi akiwa ndani ya gari lake la doria Aprili 2013. Kwake bango linasema: wewe hapa hutakiwi. Anachukulia kwamba ametukanwa, na aliyetukanwa hujibu kama aliyetukanwa.

Mwanafunzi naye, mara nyingi, hamzungumzii mtu. Anazungumzia bunduki, na nani atajibu ikifyatuka pasipostahili.

Chukua Portland State, jimbo la Oregon. Desemba 2014 bodi ya chuo ilipitisha uamuzi wa kuwa na askari wenye silaha. Wanafunzi walipinga, wakaunda kampeni ya kutaka maofisa wavuliwe bunduki, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: silaha ikishaingia, ipo siku itatumika. Usiku wa 29 Juni 2018, nje ya baa iliyo jirani na chuo, Jason Washington alikuwa akijaribu kuamua ugomvi. Alikuwa na miaka 45, mfanyakazi wa posta, aliyewahi kutumikia jeshi la majini, na alikuwa na kibali cha kubeba silaha. Katika purukushani bastola ikamdondoka, na maofisa wawili wa chuo wakafyatua risasi. Akafa palepale. Hawakushtakiwa. Hapo kampeni ikapata jina na sura ya mtu, na haikunyamaza tena. Agosti 2020 mkuu wa polisi wa chuo hicho alisimama hadharani akatangaza kuwa doria zitafanyika bila bunduki. Utekelezaji ulichelewa hadi Septemba 2021, na mwaka 2023 bunduki zikarudi viunoni.

Wapo wanaosoma kisa hiki kama ushindi wa wanafunzi, wengine kama ushindi wa polisi. Mimi kinachonivutia ni ile siku ya Agosti: mkuu wa polisi anasoma madai ya watu waliokuwa wakikipigia kelele kikosi chake kwa miaka, na anayatangaza kwa kinywa chake bila kuonekana ameporwa heshima. Inawezekana, basi. Ni adimu tu.

Kinachozoeleka zaidi ni ofisa kujificha. Februari 2013 wanafunzi na wakazi wa upande wa kusini wa Chicago waliandamana kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago, wakidai ifungue kituo cha dharura kwa majeruhi watu wazima. Kati yao alikuwepo mwanamke aliyebeba bango kama wenzake. Kumbe ni mpelelezi wa polisi wa chuo, akituma taarifa kwa simu. Gazeti la wanafunzi likamwanika, uongozi wa chuo ukalaani kitendo hicho. Kituo kile kilikuja kufunguliwa Mei 2018. Jiulize taarifa zile za simu ziliongeza usalama wa nani. Kwa muda mrefu baadaye, kila mgeni aliyejitokeza kwenye kikao cha wanaharakati angeweza kutazamwa kwa jicho la pembeni, na ofisa mwema anayetaka kweli kuzungumza nao analipa deni asilolikopa.

Kuna na kujificha kwa makaratasi. Chuo binafsi kina askari wenye mamlaka ya dola, lakini ukiomba ripoti zao unaambiwa hii ni taasisi binafsi. Huko Ohio mwanahabari mwanafunzi wa chuo cha Otterbein hakukubali jibu hilo, akaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba anayekamata watu kwa niaba ya umma lazima aweke wazi kumbukumbu zake kwa umma. Sina la kuongeza kwenye hukumu hiyo. Ukiwa mwanafunzi na una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, omba makaratasi.

Nguvu nayo huzaa nguvu. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikuwa na walinzi wasio na uwezo wa kukamata, na ndiyo maana tarehe 18 Aprili 2024 uongozi uliita polisi wa jiji kuondoa kambi ya waandamanaji. Zaidi ya 100 wakatiwa pingu. Mwaka uliofuata chuo kikaajiri maofisa 36 wenye mamlaka ya kukamata. Maandamano yaliyovunjwa na polisi wa kuitwa yakaishia kupata polisi wa kukaa.

Turudi Davis. Tume iliyochunguza ilisema mwaka 2012 kwamba tukio lile lingeweza kuepukwa na lilipaswa kuepukwa. Kopo alilotumia luteni halikuwa kifaa kilichoidhinishwa na kikosi chake, wala hakuwa amefunzwa kulitumia. Lilitengenezwa kupulizwa kutoka umbali wa kama mita 2, yeye alilisogeza hadi usoni. Na lililo kubwa kuliko yote: haikuwa wazi ni sheria ipi iliyowapa polisi uwezo wa kuondoa mahema ambayo wanafunzi waliyapiga chuoni kuandamana. Amri ilishuka kutoka juu, ikapita mikono kadhaa, na kila mkono ukadhani uliotangulia umeshauliza.

Chuo kilikubali kulipa wanafunzi 21 dola 30,000 kila mmoja. Luteni alifukuzwa kazi, na baada ya vitisho vingi alivyopokea yeye na familia yake, mwaka 2013 alipewa fidia ya dola zipatazo 38,000 kwa madhara ya kisaikolojia. Maofisa hucheka kwa uchungu wakisikia, wanafunzi hukasirika. Mimi nawaambia wote wawili kwamba yule mtu alipelekwa pale na kifaa asichokijua, kutekeleza amri isiyo na mguu, na waliomtuma hawakuwa kwenye video. Wanafunzi wakimtumia matusi nyumbani kwake, waliomtuma wanapumua. Ofisa naye akiona kila bango ni jina lake, anajitolea kuwa ngao ya watu wasiomjali.

Baada ya hapo ndipo naiweka video tena, safari hii kwa sauti. Kelele ni nyingi, watu wanalia, wanapiga mayowe "Aibu! Aibu!" Polisi wamebanwa katikati, wamejikusanya, luteni ameshika makopo mawili. Kisha sauti moja inaomba kusikilizwa, na umati unarudia maneno yake kipande kwa kipande: tunawapa muda wa amani, chukueni silaha zenu na wenzenu, mwende. Halafu wote kwa pamoja: "Mnaweza kwenda! Mnaweza kwenda!" Ofisa mmoja anatazama nyuma. Makopo yanashuka. Mstari mzima unaanza kurudi kinyumenyume, hatua fupifupi, mpaka unatoka kwenye picha.