Huna homa, lakini kondo la nyuma linaweza kuwa na malaria

Kila inapofika Novemba 17, Siku ya Watoto Njiti Duniani, tunaulizwa sana kuhusu joto na maziwa ya mtoto. Wachache huuliza kuhusu kondo la nyuma, ingawa uchungu wa kabla ya wiki 37 mara nyingine chanzo chake ni huko.

Katika malaria ya falsiparamu, chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata ndani ya kondo. Oksijeni na chakula cha mtoto hupungua. Akadumaa, au uchungu ukaanza mapema. Kwa kuwa vimelea vimejazana huko, damu ya kidoleni inaweza isionyeshe kitu na mama asipate homa. Kwa hiyo ile hoja ya "nimepimwa sina, dawa ya nini?" haina mashiko. SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini wanavyopewa wajawazito kliniki, ni kinga. Ukikutwa na malaria utapewa tiba yake.

Dozi ya kwanza hutolewa kuanzia wiki ya 13, si kabla. Zinazofuata hutolewa katika kila hudhurio la kliniki hadi kujifungua, mradi uwe umepita mwezi mmoja tangu dozi iliyotangulia. Lengo ni dozi tatu au zaidi. Dozi moja ni vidonge vitatu, vinamezwa kwa mkupuo mbele ya muuguzi, hata kama hujala, na tarehe inaandikwa kwenye kadi palepale. Kuvifunga kwenye kanga ukameze kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, hiyo si dozi. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrini) au mwenye mzio wa salfa hapewi SP. Foliki asidi ya miligramu 5 huidhoofisha SP. Ya miligramu 0.4 haina shida, kwa hiyo soma pakiti.

Presha ya 140/90 au zaidi nayo ni ya kufuatiliwa. Katika kifafa cha mimba na dalili zake za awali kondo halipati damu ya kutosha, na wakati mwingine daktari hulazimika kumzalisha mama kabla ya wakati. Usiondoke kliniki bila kupimwa presha na mkojo. Mzani peke yake hautoshi.

Damu ikitoka ukeni bila maumivu, huenda kondo limekaa kwenye mlango wa uzazi. Ikitoka na tumbo gumu lenye maumivu makali, huenda kondo limeanza kubanduka, na damu iliyonaswa nyuma yake inaweza kuwa nyingi kuliko unayoiona. Tafadhali, tusiambizane "lala, itakata". Nenda hospitali yenye huduma ya upasuaji, na mtu yeyote asiingize kidole ukeni kabla ya ultrasaundi kuonyesha kondo lilipo.