Je, Wajua? Mvinyo wa Mosel Hauna Jiwe Ndani Yake

Kwenye kona ya mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, kati ya vijiji vya Bremm na Ediger-Eller, kuna mlima wa mizabibu uitwao Calmont. Mteremko wake hufikia takribani nyuzi 65, kwa hiyo kazi nyingi hufanywa kwa mkono. Udongo ni haba. Unachokanyaga ni vipande bapa vya sleti, jiwe lile lililotumika kutengenezea vibao vya kuandikia shuleni zamani, ambalo miaka milioni 400 hivi iliyopita lilikuwa tope la chini ya bahari. Zabibu inayopandwa hapo ni Riesling.

Wanywaji husema mvinyo wake unanukia jiwe lililolowa. Kwa miaka mingi niliamini maelezo yanayorudiwa kila mahali: mizizi hupenya kwenye sleti, huinyonya, na ladha ya jiwe hupanda hadi kwenye tunda. Si kweli. Mzizi hunyonya maji na madini yaliyoyeyuka humo, kama potasiamu, na potasiamu ya kwenye sleti ni ileile ya kwenye udongo wa mfinyanzi. Kiasi kinachofika kwenye mvinyo ni kidogo mno kwa ulimi kukitambua kama jiwe. Ule ukali unaosisimua mdomo ni asidi za tunda lenyewe. Hata harufu ya ardhi inayopokea mvua ya kwanza haitoki ndani ya jiwe. Hutoka kwa vijidudu vya udongoni na mafuta ya mimea yaliyotuama juu yake.

Basi mlima unafanya kazi gani? Unakusanya jua.

Chukua tochi usiku, uimulike ukutani moja kwa moja: utaona duara dogo, kali. Iinamishe. Duara linarefuka na mwanga unafifia, ingawa betri ni zilezile. Mosel iko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, na mwishoni mwa Septemba, zabibu zikikaribia kuiva, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 40. Shamba la tambarare ni ukuta uliomulikwa kwa kuinamisha tochi: hupata theluthi mbili hivi tu ya nguvu ya miale. Mteremko wa nyuzi 50 unaoelekea kusini hulitazama jua uso kwa uso, na hupata yote.

Sleti nayo hufanya kama mafiga. Moto ukizimwa, mafiga hubaki na joto. Jua likizama, vipande hivi vyeusi huendelea kuipasha mizabibu. Bila joto hilo, Riesling, ambayo huchelewa kuiva, ingebaki na uchachu.

Wakulima wa Ürzig, kijiji cha Mosel chenye sleti nyekundu, husema mvinyo wao una ladha ya viungo kuliko ule wa sleti ya buluu ya kijiji cha Wehlen. Huenda. Lakini miteremko hiyo hutofautiana pia kwa maji, mwelekeo na hata mkono wa mtengenezaji, na ni vigumu kulitenga jiwe peke yake.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni harufu ya mafuta ya taa kwenye Riesling iliyokaa miaka mingi chupani. Wapo wanaoihesabu kuwa ya sleti. Kumbe hutokana na kemikali iitwayo TDN, inayozaliwa polepole kutoka kwenye rangi asilia za zabibu, na zabibu zilizoachwa wazi juani huwa nayo zaidi.